Barua Ambayo Marehemu Hakuiandika

Miongoni mwa mambo ambayo jamii nyingi huona aibu kuyataja mbele ya vijana, kifo cha kijana aliyejitoa uhai ndicho kizito kupita yote, kwa kuwa humkosesha kila mtu mzima aliyekuwa karibu naye, awe mzazi, mwalimu au kiongozi wa dini, jibu la swali ambalo hawezi kulikwepa. Kwa sababu hiyo inashangaza kwamba filamu iliyolikabili jambo hilo kwa ujasiri wa pekee katika Marekani ya karne ya 20 haikuwa tanzia, yaani mchezo wa huzuni, bali ilikuwa komedi. Filamu hiyo, Heathers, iliandikwa na Daniel Waters na kuongozwa na Michael Lehmann, ikaanza kuonyeshwa katika kumbi za Marekani tarehe 31 Machi 1989, na tangu wakati huo imekuwa kipimo cha kazi zote za aina yake. Aina hiyo huitwa komedi nyeusi ya vijana: hadithi ya kuchekesha inayowahusu wanafunzi wa sekondari, ambayo kicheko chake huzaliwa na vifo, uonevu, unyanyasaji wa kingono na unafiki wa kidini badala ya mapenzi ya kwanza na dansi ya kuagana mwisho wa mwaka wa masomo. Silaha yake kuu ni tashtiti, yaani mbinu ya kuukuza upumbavu wa watu, hasa wale wenye mamlaka, mpaka ukubwa wake uwe dhahiri hata kwa waliokwisha kuuzoea.

Sifa ambayo filamu hizi hupewa mara kwa mara ni kwamba zilivunja ukimya. Sifa hiyo inapendeza, lakini hailingani na historia, maana katika miaka ya 1980 Marekani haikuwa kimya hata kidogo kuhusu vijana wanaojiua. Mwaka 1950 vijana wa umri wa miaka 15 hadi 24 waliokufa kwa njia hiyo walikuwa kati ya 4 na 5 katika kila watu 100,000 wa rika lao, na kufikia 1980 walikuwa wamezidi 12, ongezeko ambalo liliwatia hofu madaktari, wazazi na wanasiasa kwa pamoja. Shule zikaanzisha vipindi vya maonyo, magazeti yakachapisha picha za majeneza, na vituo vya televisheni vikatengeneza filamu za mafunzo, mojawapo ikiwa Surviving ya mwaka 1985, ambamo Molly Ringwald, kipenzi cha watazamaji vijana wa enzi hizo, aliigiza msichana anayekufa pamoja na mpenzi wake. Mnamo Machi 1987 vijana wanne walikufa pamoja katika mji wa Bergenfield, New Jersey, na kwa siku kadhaa mji huo mdogo ulijaa waandishi wa habari wakiuliza sababu. Maneno yalikuwa mengi, tena ya kila namna. Kilichokosekana ni neno la kweli kumhusu kijana mwenyewe, na pengo hilo, lililofunikwa kwa kelele na huruma za hadharani, ndilo lililolengwa na Waters katika mswada wake.

Kabla ya hapo, sinema ya vijana ilikuwa mikononi mwa John Hughes, mwongozaji aliyewapa vijana heshima kwa kuwasikiliza, na mchango wake haupaswi kubezwa. Katika The Breakfast Club ya 1985, mvulana mmoja anakiri kwamba alikutwa na bastola katika kabati lake la shule kwa sababu alifeli somo la ufundi. Wenzake wananyamaza, kisha inabainika kwamba ilikuwa bastola ya kurushia fataki za ishara, wote wanaangua kicheko huku machozi yakiwatoka, na jioni kila mmoja anarudi nyumbani akiwa ameeleweka zaidi kuliko asubuhi. Hughes aliamini kwamba vijana wakiketi pamoja na kusema ukweli, maumivu yao hupungua. Waters, aliyeandika mswada wake wakati akifanya kazi katika duka la kukodisha kanda za video huko Los Angeles, aliuliza jambo gumu zaidi: itakuwaje pale ambapo lugha yenyewe wanayotumia kusemea maumivu imekwisha kuharibiwa na watu wazima waliowafundisha?

Hadithi ya Heathers ina mhimili mmoja, nao ni barua ya kughushi. Veronica Sawyer, aliyeigizwa na Winona Ryder akiwa bado hajafikisha miaka 18, ni mwanafunzi wa shule ya Westerburg katika mji wa kubuni wa Sherwood, Ohio, na ni mfuasi wa kundi la wasichana watatu wote wakiitwa Heather, ambao hutawala bwalo la chakula kwa dharau na hofu. Kipaji kilichomwingiza katika kundi hilo ni uwezo wake wa kuiga mwandiko wa mtu yeyote. Mapema katika filamu anautumia kuandika kijikaratasi cha mapenzi kwa jina la mvulana maarufu, kisha kijikaratasi hicho kinawekwa kwenye trei ya chakula ya Martha, msichana mnene anayedhihakiwa na shule nzima, ili aaibike mbele ya wote. Anapojitokeza J.D., mvulana mgeni mwenye koti refu jeusi aliyeigizwa na Christian Slater, na kumuua Heather Chandler kwa kikombe cha dawa ya kuzibulia mabomba ambacho Veronica alidhani kina kinywaji cha mzaha, kipaji kilekile kinatumika kuficha mauaji: Veronica anaandika, kwa mwandiko wa marehemu, barua ya kuaga dunia.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu filamu hii hukazia mauaji yake, ilhali barua ndiyo yenye uzito zaidi kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi tashtiti inavyoukabili mwiko. Marehemu alikuwa mkatili, tena aliyependa ukatili wake. Barua inampa huzuni ambayo hakuwa nayo na undani ambao hakuna aliyewahi kuuona kwake, na mara watu wazima wanapoisoma wanaipokea bila swali, kwa kuwa inasema kile ambacho tayari walitaka kukisikia. Walimu wanakutana kujadili msiba, na mazungumzo yao yanahusu muda wa kuwaruhusu wanafunzi waende nyumbani, kana kwamba saa za mapumziko zingepaswa kulingana na umaarufu wa marehemu. Mmoja wao anasifu jinsi msichana alivyotumia ipasavyo, katika barua yake ya mwisho, neno gumu la msamiati. Mtazamaji anajua kwamba neno hilo ndilo lililomshinda Heather katika mtihani wa karibuni, na kwamba walioandika barua walilijadili kabla ya kuliweka. Katika tukio hilo fupi, lisilo na damu wala sauti ya juu, imo hukumu nzima ya filamu: mwalimu anasoma maneno ya mwisho ya mtoto aliyekufa kama anayesahihisha insha.

Kinaya, yaani hali ambapo tukio linakwenda kinyume cha matarajio huku mtazamaji akijua kile wasichokijua wahusika, kinafanya kazi hapa kwa namna ya kipekee. Kila mhusika anayeisoma barua anaisoma vibaya, lakini kila mmoja anaisoma vibaya kwa faida yake. Kasisi kwenye mazishi anailaumu televisheni ya muziki na michezo ya video. Mwalimu Pauline Fleming, ambaye kwa nia njema ya juujuu anawakusanya wanafunzi bwaloni ili washikane mikono na kueleza hisia zao, hakosi kuwaalika watu wa televisheni washuhudie upendo huo. Wanafunzi waliomwogopa marehemu wanagundua kwamba walimpenda, na baada ya muda mfupi redio inapiga wimbo wa kundi la kubuni linaloitwa Big Fun unaowasihi vijana wasijiue, wimbo wenye mdundo wa dansi. Heather Chandler anakuwa na heshima kubwa zaidi akiwa kaburini kuliko alivyokuwa hai, na hatari ya heshima hiyo haiachwi hewani.

Hatari hiyo ilikuwa imefahamika kwa muda mrefu nje ya sinema. Mwanasosholojia David Phillips aliipa jina mwaka 1974: athari ya Werther, kutokana na riwaya ya Goethe ya mwaka 1774 ambayo ilidaiwa kuwavuta vijana wa Ulaya kuiga kifo cha mhusika wake mkuu. Phillips alionyesha kwamba habari za watu mashuhuri waliojiua, zikipewa nafasi kubwa ya mbele magazetini, hufuatwa na ongezeko la vifo vya aina hiyo, na leo Shirika la Afya Duniani huwataka wanahabari wasipambe kifo kama hicho, wasieleze njia iliyotumika, wala wasikionyeshe kuwa suluhisho la matatizo. Wapo waliodhani kwamba Heathers ilikosea kwa kuligusa jambo hili kwa kicheko. Lakini ukiifuatilia kwa makini, filamu hii inaionyesha athari hiyo ikitenda kazi. Martha, ambaye hakuna aliyewahi kumtazama usoni, anaona jinsi kifo kilivyomletea mwenzake upendo wa shule nzima, naye anatembea kuelekea katikati ya magari. Anaponusurika, Heather Duke, aliyerithi kiti cha utawala, anasema kwamba hicho ni kisa kingine tu cha mtu duni kujaribu kuiga watu maarufu na kushindwa. Heather McNamara, mpole kuliko wenzake, anapiga simu katika kipindi cha redio cha ushauri bila kutaja jina, sauti yake inatambuliwa, na kesho yake darasa zima linamcheka. Mtu pekee anayesema ukweli kuhusu maumivu yake katika filamu nzima ndiye anayeadhibiwa kwa kuusema, huku barua ya uongo ikitukuzwa. Veronica anamkuta msalani na kumzuia asimeze vidonge, na mazungumzo yao pale sakafuni, ambayo hayana kamera wala mwalimu, yana maneno machache ya kawaida kabisa. Hakuna sehemu nyingine ya filamu iliyo na upole kama huo, na bila upole huo kicheko chote kilichotangulia kingekuwa kigumu kukitetea.

Iko pia sehemu ambayo filamu inamgeukia mtazamaji mwenyewe. Baada ya wachezaji wawili wa mpira wa Kimarekani, Kurt na Ram, kuuawa kwa hila ya J.D. iliyofanya waonekane kama wapenzi waliokubaliana kufa pamoja, mazishi yao yanafanyika wakiwa wamevalishwa mavazi ya mchezo ndani ya majeneza. Baba wa mmoja anasimama na kutangaza kwa sauti ya kishujaa kwamba anampenda mwanawe aliyekuwa mpenda wanaume wenzake, naye J.D. ananong'ona swali la kama baba huyo angesema hivyo iwapo mwanawe angekuwa bado anapumua. Veronica anacheka. Kisha macho yake yanakutana na ya msichana mdogo aliyeketi kiti cha mbele, analia kwa ajili ya kaka yake, na kicheko kinamkauka mdomoni. Ukumbi wa sinema, uliokuwa ukicheka pamoja naye, unaachwa na aibu yake. Waandishi wengi wa tashtiti huogopa kufanya jambo hili kwa sababu linahatarisha furaha ya mtazamaji. Waters na Lehmann walilifanya katikati ya filamu, wakati ambapo bado kulikuwa na mengi ya kuchekwa.

Hata hivyo, katika hila hiyohiyo ya Kurt na Ram filamu haikuwa safi. Polisi wanaofika mahali pa tukio wanashawishika kwamba vijana hao walikuwa wapenzi kwa sababu ya chupa ya maji ya madini iliyowekwa kando ya miili, maana katika mji ule mwanamume asiyeshika bia anatiliwa shaka. Tashtiti dhidi ya mji inakaa mahali pake: chuki imekuwa ya kijinga kiasi kwamba chupa ya maji inatosha kuwa ushahidi. Lakini kicheko cha ukumbi wa 1989, mwaka ambao UKIMWI ulikuwa ukiua maelfu ya wanaume wa Marekani huku familia zao zikificha sababu kwenye mazishi, kilitokana kwa sehemu kubwa na wazo kwamba hakuna fedheha kuu kwa wanaume wawili wenye misuli kuliko kudhaniwa wapenzi. Baba anayetangaza upendo wake kwa mwana aliyekufa anadhihakiwa kwa kuchelewa kwake, na dhihaka hiyo ni ya haki. Ila filamu haina kijana hata mmoja aliye hai na mwenye hali hiyo ambaye kuchelewa huko kungemuumiza. Pale ambapo mwathirika halisi hayupo jukwaani, ni rahisi kwa mzaha kumwangukia yeye bila mtu kutambua.

Kibiashara filamu ilishindwa. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 3 na kampuni ya New World Pictures, iliyokuwa taabani kifedha, ikakusanya zaidi kidogo ya dola milioni 1 kumbini, na uhai wake wa baadaye ulitokana na kanda za video ambazo vijana walikodisha na kuangalia majumbani, mara nyingi bila wazazi. Kampuni ilikuwa imekwisha kukataa mwisho wa awali wa Waters, ambamo shule inalipuliwa na wanafunzi wote, wababe kwa wanyonge, wanakutana tena katika dansi mbinguni. Katika mwisho uliopigwa picha, J.D. anapanga kuilipua Westerburg wanafunzi wakiwa ukumbini, na saini zao zinakusanywa kwenye hati wanayodhani ni ya kuliomba kundi la Big Fun lije kutumbuiza, kumbe hati hiyo imekusudiwa kuwa barua ya pamoja ya kuaga dunia. Veronica anamzuia. Kukataliwa kwa mwisho wa kwanza kumelalamikiwa sana na wapenzi wa filamu, lakini ule wa pili una ubora wake, kwa sababu unamtaka Veronica atende jambo badala ya kufa pamoja na wote, na unauendeleza mhimili wa barua hadi mwisho: shule nzima inatia saini maneno ambayo hakuna aliyeyasoma.

Tarehe 20 Aprili 1999, katika shule ya Columbine huko Colorado, wanafunzi wawili waliwaua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Makoti marefu meusi yakawa habari kwenye kila gazeti, na filamu iliyokuwa na miaka kumi ikaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Ingekuwa kosa kudai kwamba Heathers ilitabiri mauaji hayo, na ni kosa pia kudai kwamba iliyasababisha. Uhusiano ulio wa kweli unapatikana katika yale yaliyofuata. Ndani ya siku chache vyombo vya habari vilikuwa vimekwisha kuandika maelezo kamili: wauaji walikuwa wanyonge walioonewa, waliolipiza kisasi kwa wanamichezo, walioharibiwa na muziki na michezo ya video. Mwandishi Dave Cullen, aliyetumia takriban miaka kumi kuchunguza tukio hilo na kuchapisha kitabu chake mwaka 2009, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya maelezo hayo haikusimama mbele ya ushahidi. Watu wazima walikuwa wamesoma kifo cha watoto kama walivyotaka kukisoma, wakitumia hoja zilezile za kasisi wa Sherwood, na walifanya hivyo mbele ya wazazi ambao walikuwa bado hawajazika.

Hofu iliyofuata Columbine iliifanya sinema ya vijana ikae mbali na bunduki, lakini haikuizima tashtiti. Iliihamishia kwenye miiko mingine. Saved! ya Brian Dannelly, iliyotoka mwaka 2004, inasimulia kuhusu shule ya Kikristo ambamo msichana mcha Mungu anapata mimba akijaribu kumbadilisha rafiki yake wa kiume anayewapenda wanaume, na ambamo mwanafunzi anayejidai mtakatifu anachafua kuta za shule kwa rangi, kisha anaficha makopo ya rangi katika makabati ya wenzake ili wao ndio wafukuzwe. Ushahidi wa uongo umejitokeza tena, na tena wenye mamlaka wanauamini kwa sababu unawathibitishia dhana yao kuhusu nani mwema na nani mpotevu. Mwaka huohuo Mean Girls, iliyoongozwa na Mark Waters, ndugu wa Daniel, ililichukua kundi la wasichana watawala kutoka kwa Heathers, ikaliondolea vifo, ikapata mafanikio ya kifedha ambayo ndugu mkubwa hakuyaota. Ni filamu ya kuchangamsha na yenye akili, ingawa mwiko umebaki nje ya mlango.

Aliyerudi kwenye barua yenyewe ni Bobcat Goldthwait, katika World's Greatest Dad ya mwaka 2009. Robin Williams anaigiza Lance, mwalimu wa ushairi na mwandishi ambaye hakuna mchapishaji anayemtaka, anayemlea peke yake mwana katili, mvivu na asiye na rafiki ila mmoja. Kijana anakufa kwa ajali ya aibu akiwa peke yake chumbani. Baba, kwa kutaka kumsitiri mwanawe, anaupanga mwili ili ionekane amejiua, na anaandika barua kwa niaba yake. Hapa mghushi ni mzazi anayempenda marehemu, na filamu inamhurumia kabisa katika usiku ule wa kwanza. Hakuna mzaha wowote katika kilio cha Williams anapomkuta mwanawe. Kisha barua inavuja, inachapishwa katika gazeti la shule, na wanafunzi waliomchukia kijana huyo wanaanza kuvaa picha yake. Lance, ambaye kwa mara ya kwanza maishani anasomwa na kupendwa, anaandika shajara nzima kwa jina la mwanawe. Kila tone la huruma analopokea linamfuta mtoto aliyekuwepo, mwenye kasoro zake zote, na kumweka mahali pake mtoto wa karatasi anayependeka zaidi. Mwishowe, mbele ya shule iliyokusanyika kuipa maktaba jina la kijana, anasema ukweli wote, anapoteza kila kitu alichopata, na anatembea kwenda kujitupa uchi katika bwawa la kuogelea akiwa mtu aliyefunguliwa. Filamu hiyo haikutazamwa na wengi, nayo inastahili kuwekwa bega kwa bega na Heathers, kwa kuwa imefika mahali ambapo Waters hakufika: inamwomba mtazamaji amwombolezee kijana asiyependeka, bila kumpamba.

Ugumu wa kazi hiyo ulionekana pale Heathers yenyewe ilipofanywa upya kuwa tamthilia ya televisheni na kituo cha Paramount Network. Ilipangwa kuanza Machi 2018, lakini tarehe 14 Februari watu 17 waliuawa katika shule huko Parkland, Florida. Ikaahirishwa, ikaachwa, kisha ikaonyeshwa Oktoba kwa haraka na kwa kukatwakatwa. Mauaji yaliiharibia wakati, hilo ni kweli, lakini ilikuwa na kasoro ya ndani ambayo wakati mzuri usingeiponya. Watengenezaji waliwageuza wasichana watawala kuwa vijana wa makundi yanayobaguliwa: mmoja mnene, mmoja asiyejitambulisha kwa jinsia moja, mmoja mweusi. Katika filamu ya 1989, mnene ndiye aliyeonewa na nguvu ilikuwa mikononi mwa wembamba na matajiri. Katika tamthilia mpya mnene kama Martha amekuwa mtawala, na kicheko kinachomwangukia kinatoka juu kwenda chini, kwa mtu ambaye nje ya hadithi, katika shule za kweli, bado ndiye anayewekewa vijikaratasi kwenye trei. Tashtiti isiyojua nani ana nguvu katika chumba hukosea shabaha hata ikiwa na mishale mikali.

Kosa la namna hiyo liliwahi kufanywa na kazi bora kuliko tamthilia hiyo, tena na watazamaji wake zaidi kuliko waandishi. Election ya Alexander Payne, iliyotokana na riwaya ya Tom Perrotta, ilianza kuonyeshwa siku tatu tu baada ya Columbine. Inahusu uchaguzi wa kiranja mkuu katika shule ya Omaha, Nebraska, ambamo mwalimu Jim McAllister anamchukia mgombea aitwaye Tracy Flick, msichana mwenye bidii isiyochoka aliyeigizwa na Reese Witherspoon, kiasi kwamba anaficha kura mbili katika pipa la taka ili ashindwe. Mfagiaji wa shule, ambaye McAllister alikuwa hamjali, ndiye anayezikuta. McAllister aliigizwa na Matthew Broderick, aliyekuwa ameigiza kijana mtoro mwenye kupendwa katika filamu ya Hughes ya 1986, na ukumbi ulimpokea mwalimu huyo kwa mazoea ya zamani: walimhurumia. Kwa miaka mingi jina la Tracy Flick lilitumika Marekani kuwakejeli wanawake wenye hamu ya uongozi, Hillary Clinton akiwemo.

Katikati ya vichekesho hivyo kuna jambo ambalo halikujificha hata kidogo. Rafiki wa McAllister, mwalimu wa hesabu, alikuwa amefanya mapenzi na Tracy, mwanafunzi wake, na alipogunduliwa alipoteza kazi na ndoa. McAllister anamlaumu msichana. Filamu inalisimulia jambo hilo kwa kasi, kwa sauti ya mwalimu na ya Tracy mwenyewe, ambaye anashikilia kwamba hakuonewa. Payne hakumwambia mtazamaji amwamini yeyote kati yao, na kura zilizotupwa zinatosha kuonyesha kwamba msimulizi mkuu ni mtu wa kughushi. Bado watu waliichukua hadithi ya mwalimu kama ilivyo, jinsi walimu wa Westerburg walivyoichukua barua, na unyanyasaji wa mtoto ukapita mbele ya macho yao kama sehemu ya mzaha kuhusu msichana anayejipendekeza. Ni baada ya wanawake wengi kuanza kusimulia hadharani, kuanzia mwaka 2017, waliyotendewa na wanaume wenye mamlaka ambapo makala zikaandikwa kumtazama upya Tracy, na waandishi kadhaa wakakiri kwamba walikuwa wamemcheka mtoto aliyeumizwa.

Perrotta naye alirudi kwake. Riwaya yake ya mwaka 2022, Tracy Flick Can't Win, inamkuta Tracy akiwa mwanamke wa makamo, mama wa binti, naibu mkuu wa shule ya sekondari huko New Jersey anayesubiri kupandishwa cheo anachokistahili. Anasoma magazetini masimulizi ya wanawake wengine, wengi wao wakiwa waliaminishwa katika ujana wao kwamba walikuwa wa pekee, waliokomaa kuliko wenzao, na anaanza kutia shaka maelezo aliyojipa tangu akiwa na miaka 15, kwamba yeye na mwalimu wake walikuwa sawa na kwamba uamuzi ulikuwa wake.